Baba Hakuwa na Tarehe

Jioni moja ya Agosti 2011, katika mwezi wa Ramadhani, baba yangu aliniuliza swali ambalo nilidhani tulikwisha kulimaliza miaka mingi nyuma. Tulikuwa barazani mwa nyumba yake ya Magomeni, yeye ameegemea mito mitatu kwa sababu moyo uliochoka haukumruhusu tena kulala chali, nami nikimpima shinikizo la damu kama nilivyofanya kila siku nilipotoka zamu. Alisubiri nimvue mkanda wa kipimo mkononi, kisha akasema, "Mama, hebu nikumbushe. Wewe uliokoka lini?" Nikamtajia: ilikuwa Jumapili jioni, mwaka 1994, katika mkutano wa injili kwenye viwanja vya Jangwani, si mbali na pale tulipokuwa tumeketi. Baba akatikisa kichwa taratibu, bila dhihaka yoyote. "Basi wewe una tarehe," akasema. "Mimi sina."

Mimi ni muuguzi, Mkristo wa Kilutheri, binti wa baba Mwislamu kutoka Rufiji na mama Mkristo kutoka Mlalo, kwenye milima ya Usambara. Wazazi wangu walifunga ndoa ya bomani. Kaka yangu alimfuata baba msikitini, nami nikamfuata mama kanisani, jambo ambalo katika mitaa ya Magomeni halikumshangaza mtu. Tulifuturu pamoja na tulikula pilau ya Krismasi pamoja. Kilichotutenganisha kilikuja baadaye, nacho kilikuwa neno moja, kuokoka, na namna nilivyolitumia.

Nilipotoka Jangwani usiku ule nilikuwa na furaha ambayo mpaka leo siitilii shaka. Lakini wiki chache baadaye nilimwambia baba yangu, mbele ya wageni wake, kwamba sala zake tano na funga yake ya miaka zaidi ya 40 havingemfikisha popote, kwa kuwa alikuwa akijaribu kujiokoa kwa matendo yake mwenyewe. Nilikuwa na umri wa miaka 26. Baba hakunijibu neno. Alinyanyuka akaenda dukani kwake, na kwa karibu mwaka mzima maongezi yetu yakabaki ya salamu tu: shikamoo, marahaba, mama yako hajambo.

Ni lazima nieleze hali ya jiji katika miaka hiyo, kwa maana sikuwa peke yangu. Dar es Salaam ya wakati huo ilikuwa na mihadhara mingi ya wazi, ambapo wahubiri wa Kiislamu walisimama na Biblia mkononi kuwaonyesha Wakristo makosa yao, na wahubiri wa Kikristo wakafanya vivyo hivyo kwa Kurani. Kaka yangu alihudhuria ile ya kwao, mimi nikahudhuria ya kwetu, na usiku tulirudi nyumbani kila mmoja na aya zake. Nimekuja kutambua kwamba mashindano yale yalitufundisha imani ya mwenzetu katika sura yake dhaifu kuliko zote. Mimi niliambiwa kwamba Mwislamu anahesabu rakaa kama mchuuzi anavyohesabu sarafu, akidhani ataweza kuinunua Pepo. Kaka yangu aliambiwa kwamba Mkristo hutenda dhambi kwa raha zake kwa kuwa Yesu amekwisha kulipa. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kumwona Mwislamu au Mkristo wa namna hiyo ndani ya nyumba yetu wenyewe, na bado tuliyaamini tuliyoambiwa.

Wa kwanza kunirudi alikuwa mama. Alitoka sehemu ambayo wamisionari wa Kijerumani walifika mwaka 1891, akabatizwa akiwa mchanga, akapata kipaimara, na hakuwahi kusimama mbele ya mkutano kutangaza kwamba ameokoka. Aliposikia nilivyomwambia baba, aliniita jikoni akaniuliza, "Cheti changu cha ubatizo kina tarehe ambayo mimi mwenyewe siikumbuki. Je, na mimi nimepotea?" Sikuwa na jibu. Miaka kadhaa baadaye mchungaji wetu alinieleza kwamba desturi ya kutoa ushuhuda wa siku na saa ya kuokoka, jinsi tulivyoizoea Afrika Mashariki, ilipata nguvu kubwa katika uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaingia Uganda na kufika Bukoba; kule Uganda watu wake waliitwa balokole, yaani waliookoka. Ni uamsho ulioponya nyumba nyingi, na sitaki kuupunguzia heshima. Hata hivyo nilikuwa nimeichukua lugha ya uamsho mmoja nikaifanya kipimo cha kumpimia kila mtu, akiwemo mama yangu aliyenifundisha Baba Yetu.

Tunaporudi kwenye jioni ile ya Ramadhani, baba alikuwa amelifikiria neno lenyewe kwa muda mrefu. Alizaliwa karibu na mto Rufiji, akaona mafuriko yakibeba watu na mifugo, na kwake kuokoka lilikuwa neno la mtoni. "Aliyeokoka ni yule aliyekuwa anazama," aliniambia. "Sasa ninyi mnasema mlikuwa mnazama wapi?" Nikamjibu kwamba tulikuwa tunazama dhambini, wote, tangu kwa Adamu, na kwamba mtu anayezama hawezi kujivuta mwenyewe kwa nywele zake. Akasema kwamba neno lao wao ni kufuzu. Alikuwa akiikumbuka sura ya Al Imran, aya ya 185, isemayo kwamba kila nafsi itaonja mauti, na atakayeepushwa na Moto na kuingizwa Peponi ndiye aliyefuzu. Ni neno lile lile tunalolitumia kwa mtoto aliyeshinda mtihani, na Kurani yenyewe, katika sura ya Al-Mulk, inasema kwamba Mungu aliumba mauti na uhai ili awajaribu wanadamu, nani mwenye vitendo vizuri zaidi. Mtu aliye katika mtihani hajafuzu mpaka karatasi zikusanywe, na hiyo ndiyo sababu baba hakuwa na tarehe.

Kwa siku mbili tatu niliridhika na picha hizo mbili, mto na mtihani, nikaona nimeipata tofauti yote. Aliyeniharibia wepesi huo ni ustadhi wa madrasa ya mtaa wa pili, aliyekuja kumjulia hali mgonjwa. Nilimweleza nilichokielewa, kwamba kwao mtu hufuzu kwa matendo na kwetu mtu huokolewa kwa neema. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanisimulia hadithi sahihi, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ambamo Mtume Muhammad aliwaambia masahaba wake kwamba hakuna yeyote atakayeingizwa Peponi na matendo yake. Walipomuuliza, "Hata wewe, ewe Mtume wa Mungu?" alijibu kwamba hata yeye, isipokuwa Mungu amfunike kwa rehema yake. Ustadhi akaongeza kwamba matendo ni sababu, tena sababu iliyoamrishwa, lakini mlango unafunguliwa kwa rehema, na kwamba katika sura ya Az-Zumar, aya ya 53, Mungu anawakataza waja wake waliojidhulumu wasikate tamaa na rehema yake, kwani yeye husamehe dhambi zote. Nilipomuuliza kuhusu shirki, yaani kumshirikisha Mungu na kingine, alisema kwamba hiyo haisamehewi kwa yule anayekufa nayo bila kutubu, ila mlango wa toba uko wazi kwa kila aliye hai.

Nilikaa pale kitini nimeinamisha kichwa. Mwaka 1994 nilimwambia baba yangu, mbele ya watu, kwamba anaamini jambo ambalo dini yake mwenyewe hailifundishi.

Mchungaji wetu, nilipompelekea habari hii, hakushangaa. Alinikumbusha kwamba sisi Wakristo wenyewe tuligawanyika katika karne ya 16 kwa swali hilo hilo la neema na matendo, na kwamba ilipofika tarehe 31 Oktoba 1999, kule Augsburg, Ujerumani, ndipo Wakatoliki na Shirikisho la Kilutheri la Ulimwengu walipotia saini tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki, wakikiri kwamba mtu hukubaliwa na Mungu kwa neema peke yake, na kumpokea Roho Mtakatifu, ambaye huufanya upya moyo wake na kumtuma kutenda mema. Alinifungulia Waefeso sura ya 2, "mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani", na kabla sijafunga Biblia akanifungulia Yakobo, asemaye kwamba imani bila matendo imekufa, na Mathayo 25, ambapo Mfalme anawatenga watu kama kondoo na mbuzi kwa kuangalia nani alimlisha mwenye njaa na nani alimtazama mgonjwa. Mimi nimefanya kazi ya kutazama wagonjwa maisha yangu yote, na sikuwahi kujiuliza kwa nini katika sura ile hakuna anayeulizwa tarehe.

Kwa hiyo tofauti haikuwa pale nilipoizoea. Ikanibidi niitafute upya, na sehemu moja niliyoikuta ni ile niliyokuwa nimeisimamia kwa miaka 9 bila kuijua, katika wodi ya wazazi.

Katika wodi ile kuna watoto wanaozaliwa kabla ya wakati, na wengine hawavuki usiku. Mara kadhaa mama Mkristo, Mkatoliki au Mlutheri, alinishika mkono akaniomba nimbatize mtoto aliyekuwa anakata roho, na kwa kuwa penye hatari ya kifo Mkristo yeyote anaruhusiwa kubatiza, nilichukua maji nikayamimina juu ya kichwa kidogo kuliko chungwa, nikitaja Jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Mlangoni mwa wodi hiyo hiyo nilimkabidhi baba Mwislamu mwanawe, naye akainama akamwadhinia katika sikio la kulia. Huyu hakuwa na hofu kwamba mtoto akifa usiku ule atakuwa na deni lolote kwa Mungu. Waislamu wanafundishwa kwamba kila mtoto huzaliwa katika fitra, yaani umbile safi linaloelekea kwa Muumba wake, na kwamba Adamu alipokosa aliomba msamaha, akasamehewa, na habari ikaishia hapo; Kurani inalieleza katika Al-Baqara, aya ya 37. Mwanadamu wa Kiislamu ni dhaifu na msahaulifu, anahitaji kukumbushwa na kuongozwa, na ndiyo maana Mungu ametuma mitume. Mwanadamu wa Paulo, katika Warumi sura ya 5, anazaliwa ndani ya jambo lililokwisha kuharibika, na mwongozo peke yake haumtoshi.

Nakiri kwamba usiku mwingine, nikiwa na chombo cha maji mkononi, nilimwonea wivu yule baba mlangoni. Fundisho letu la dhambi ya asili ni zito kulisema juu ya mtoto wa saa tatu, na makanisa yenyewe yameuhisi uzito huo: mwaka 2007 tume ya wanateolojia wa Kikatoliki, huko Vatikani, ilitoa hati inayosema kwamba kuna sababu nzito za kutumaini kwamba watoto wanaokufa bila ubatizo wanaokolewa. Lakini nimewaona pia watu wazima wakilia kwa sababu wanajua walilopaswa kufanya, wamekumbushwa, wameongozwa, na bado hawawezi kuliacha lile linalowaua, na mbele yao nimeona kwamba Paulo anaelewa jambo fulani juu yetu. Sijaweza kumkana.

Ramadhani ile baba hakuweza kufunga. Kwa mgonjwa asiyetazamiwa kupona, sheria inamtaka atoe fidia, kibaba kimoja cha chakula kwa maskini kwa kila siku aliyoacha kufunga, na kazi ya kupima mchele na kuupeleka kwa bibi mmoja mjane wa mtaa wa nyuma ilikuwa yangu. Jioni moja nikipima, nilimwambia baba kwamba neno hilo la fidia tunalo na sisi. Nikamsomea Marko 10:45, kwamba Mwana wa Adamu alikuja kutoa nafsi yake iwe fidia ya wengi. Baba akafikiri, kisha akauliza, "Fidia yangu mimi inakwenda kwa yule bibi. Fidia yenu inakwenda kwa nani?"

Sijapata kuulizwa swali zuri kuliko hilo na mtu yeyote, kanisani au nje ya kanisa. Nililipeleka kwa mchungaji, naye akaniambia kwamba Wakristo wameulizana hilo tangu mwanzo. Origen, katika karne ya 3, aliona kwamba fidia ililipwa kwa Shetani aliyekuwa amewashika watu mateka. Gregory wa Nazianzus, katika karne ya 4, alikataa kwa ukali kwamba mnyang'anyi anaweza kustahili malipo. Na Anselm, Askofu Mkuu wa Canterbury, mwishoni mwa karne ya 11, alisema kwamba mwanadamu alikuwa na deni la heshima kwa Mungu ambalo hakuwa na uwezo wa kulilipa. Nilisikiliza kwa makini, lakini jibu nililompa baba halikutoka kwao. Lilitoka dukani kwake.

Baba alikuwa na duka la rejareja lenye daftari la madeni, kama maduka mengi ya uswahilini. Baada ya mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998, wateja wake wengi wa bondeni, upande wa Jangwani, walikuwa wamepoteza kila kitu. Baba aliijua aya ya Al-Baqara inayomwelekeza anayedai ampe muda mdaiwa aliye katika dhiki, na kwamba kusamehe kabisa ni bora zaidi. Alichana kurasa nyingi za lile daftari. Sisi nyumbani tuliuona mwaka ule katika sahani zetu. Basi nikamuuliza, "Baba, ulipozichana zile kurasa, hasara ilikwenda wapi?"

"Ilikaa kwangu," akasema.

"Haikuishia hewani?"

"Hasara haiishii hewani, mama. Sukari ilikwisha kuliwa."

Nikamwambia kwamba hivyo ndivyo ninavyouelewa msalaba. Fidia haikupelekwa kwa mtu wa tatu. Yule anayesamehe amekubali hasara ikae kwake mwenyewe, na kwa sababu tunaamini kwamba aliyekuwa msalabani ni Mungu aliyekuja katika mwili, hakuna mtu asiye na hatia aliyebebeshwa mzigo wa wengine kwa lazima. Nilijua alikuwa na aya mkononi, ile ya Al-An'am, ya 164, kwamba hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine, na nilijua kwamba hata Ezekieli, katika sura ya 18, anasema mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Hakuitumia. Alikaa kimya mpaka nikadhani amechoka.

"Nimekuelewa," akasema mwishowe. "Sasa nielewe na mimi. Mimi nilipata hasara kwa sababu ni fukara. Gunia likitoka dukani kwangu, duka limepungukiwa. Mola hapungukiwi." Akanisimulia hadithi kudsi ambayo Mungu anasema ndani yake kwamba lau viumbe vyote, wa kwanza na wa mwisho, wangesimama mahali pamoja wakamwomba, na akampa kila mmoja alichoomba, kusingepungua kitu katika alivyo navyo, isipokuwa kama sindano inavyopunguza bahari inapochovywa. "Anayesamehe kwa kupata hasara ni mtu kama mimi. Yeye ni Tajiri. Akisema nimekusamehe, basi."

Nimeishi na mazungumzo hayo kwa miaka mingi sasa, na naamini kwamba hapo ndipo imani zetu mbili zinapoachana kwa kweli, mbali kabisa na pale zilipogombanishwa mihadharani. Kwa baba yangu, kusema kwamba msamaha ulimgharimu Mungu kitu ni kumshusha Mungu akawa mwenye duka wa Magomeni. Kwangu mimi, kusema kwamba msamaha haukumgharimu chochote ni kuutoa upendo ndani yake. Kwa hiyo Waislamu, kwa mujibu wa An-Nisaa, aya ya 157, wanaposema kwamba Nabii Isa hakuuawa wala hakusulubiwa, si kwamba wanakataa tukio moja la historia tu; msalaba hauna kazi katika namna wanavyomjua Mungu, na ungemwachia aibu asiyostahili. Nasi tukiuondoa hatubakiwi na kitu.

Yapo mengine ambayo tuliyapitia haraka. Waislamu wanatumaini shafaa, yaani uombezi, ya Mtume siku ya kiyama, kwa idhini ya Mungu, jambo ambalo mihadhara haikuwahi kunieleza. Baba alinieleza pia kwamba Waislamu hawakubaliani wote juu ya muumini anayekufa na dhambi kubwa bila kutubu: Masunni wanatumaini kwamba hatimaye atatolewa Motoni, wakati Waibadhi, ambao wako Zanzibar tangu enzi za Waomani, wanaona kwamba hatatoka. Kuhusu toharani ya Wakatoliki, yaani kutakaswa baada ya kifo, hatukuzungumza sana, kwa kuwa mimi si mtu wa kuitetea.

Tulichokirudia mara kwa mara ni lile swali la tarehe, yaani yakini. Nimeshuhudia wagonjwa wengi wakifa, wa dini zote mbili, na sikuona kwamba upande mmoja unakufa kwa amani na mwingine kwa hofu. Baba alikuwa akisema kwamba muumini anakwenda kwa mbawa mbili, khofu na matumaini, na kwamba mauti yanapokaribia anapaswa kumdhania Mola wake vyema. "Ukiniuliza kama nitaingia Peponi, sisemi ndiyo," aliniambia, "na si kwamba namshuku Mwenyezi Mungu. Nafsi yangu naijua." Nikamwambia kwamba mimi nasema ndiyo, na kwamba zamani niliposema hivyo nilikuwa nikijisifu, lakini sasa nasema kwa sababu nami nafsi yangu naijua, na nisingethubutu kuweka tumaini langu ndani yake; ile "ndiyo" yangu iko kwa Kristo. Baba akanishika kiganja. Nikamwomba msamaha kwa maneno ya mwaka 1994, miaka 17 baadaye. Akasema aliyasamehe siku ile ile, njiani akielekea dukani, na kwamba kimya chake kilikuwa cha mzazi aliyeumia, hakikuwa cha mtu anayedai.

Alifariki mwezi Oktoba mwaka ule, jioni, saa ambayo barabara ya Kilwa imejaa magari, na kaka yangu alikuwa bado yuko njiani kutoka Mbagala. Niliona pumzi zinabadilika, na kwa kazi yangu nilijua kwamba hatuna saa nzima. Mpangaji wa chumba cha mbele alikimbia kumwita ustadhi. Nilikigeuza kitanda ili baba aelekee kibla, ambayo kwetu Dar es Salaam iko kaskazini, nikamlowesha midomo kwa pamba. Nilijua pia kwamba anayefariki anatakiwa kukumbushwa kalima, na kwamba ndani ya chumba kile hapakuwa na Mwislamu mwingine.

Sitaficha kwamba niliogopa. Nilikuwa nimefundishwa kwamba kuna maneno ambayo Mkristo hayatamki. Lakini nilikumbuka kwamba Paulo, katika barua ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya 8, anaandika kwamba hakuna Mungu ila mmoja tu, na kwamba nimelikiri hilo kila Jumapili tangu utoto wangu. Nikainama sikioni mwa baba, nikasema kwa Kiarabu nilichokisikia katika nyumba yetu maisha yangu yote: La ilaha illa Allah. Niliishia hapo, kwa maana sehemu inayofuata, inayomkiri Muhammad kuwa Mtume wa Mungu, nisingeweza kuisema kwa moyo wa kweli, na sikutaka kumsindikiza baba yangu kwa maneno ya uongo. Midomo yake ikatikisika pamoja na yangu. Nikasema tena. Ustadhi alipofika alikuta yamekwisha, nami nikamweleza nilichosema na pale nilipoishia. Akaniambia kwamba hicho ndicho anachokumbushwa anayefariki, na kwamba kinatosha.

Kesho yake, baada ya sala ya adhuhuri, wanaume walibeba jeneza kwenda kwenye makaburi ya Kinondoni, nami nikabaki nyumbani na wanawake. Kaka alinisimulia baadaye kwamba, kabla ya kuzika, ilitangazwa kwamba yeyote anayemdai marehemu aje kwa familia. Baba alikuwa anadaiwa. Matanga yalipokwisha, tulifungua makaratasi yake tukakuta kwamba mzigo wa mwisho wa dukani aliuchukua mali kauli kutoka duka moja la jumla Kariakoo, na shilingi 640,000 zilikuwa hazijalipwa.

Kaka alikuja kuzungumza nami akiwa na uso wa huzuni, kwa kuwa katika sheria ya Kiislamu asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu, na hakujua aanzie wapi kuniambia. Nilimwambia kwamba nalifahamu hilo, na kwamba sikuja kudai fungu. Niliomba jambo moja, niruhusiwe kulipa lile deni. Hakuwa na uhakika kama inafaa, tukaenda pamoja kwa ustadhi. Alieleza kwamba deni hutolewa kwanza katika mali ya marehemu, kabla ya mirathi, kwa kuwa haki za watu ni nzito na hazifutwi kwa sala wala kwa funga. Lakini mwingine akijitolea kulibeba, linabebeka. Akatusimulia habari ya maiti aliyeletwa mbele ya Mtume ili aswaliwe, ikaonekana kwamba anadaiwa dinari chache na hakuacha cha kulipia, na Mtume akasita kumswalia, mpaka sahaba Abu Qatada aliposema, "Mswalie, deni lake liko juu yangu."

Kaka alinitazama, nami nikamtazama. Tulikumbuka wote wawili aya ile ya mbebaji na mzigo ambayo tulitupiana usiku mwingi katika nyumba ile, na ustadhi, kana kwamba ameona, akasema kwamba deni la fedha na dhambi ya mtu ni vitu viwili, na kwamba tusivichanganye. Nilimwitikia kwamba nimeelewa.

Jumatatu iliyofuata tulikwenda Kariakoo. Mwenye duka alitupa pole, akasema kwamba mzee alikuwa mtu wa ahadi, akatafuta daftari lake mpaka akaufikia ukurasa. Nilihesabu fedha mezani. Akapiga mstari kutoka juu mpaka chini kwa kalamu nyekundu, akaandika "imelipwa" na tarehe ya siku ile, kisha akaniuliza risiti aiandike kwa jina la nani. Nikamtajia jina la baba.